Chuo cha jamii si cha waliofeli

Imani kwamba chuo cha jamii Marekani (community college, chuo cha miaka miwili ambako unaweza kuanzia shahada) ni cha waliofeli, na kwamba shahada yako itakuumbua, imedumu mno. Ukianzia chuo hicho California kisha ukahamia chuo kikuu cha jimbo, cheti cha shahada hutolewa na chuo ulichomalizia; ulikoanzia hakutajwi. Na ada ya mwanzo huwa nafuu.

Hatari yenyewe iko kwingine. Somo linaweza kupokelewa kama yuniti tu (alama za jumla za kuhitimu), lisihesabiwe kwenye fani yako. Anayelenga uhandisi akachukua takwimu na kuikwepa kalkulasi, atakutana nayo chuo kikuu na kuhitimu kutachelewa. Tovuti ya ASSIST, ya vyuo vya umma vya California, huonyesha, somo kwa somo, nini kinakubaliwa wapi. Ifungue kabla ya kujisajili muhula wa kwanza.