Kiziwi Anapofika Dirishani: Ufafanuzi Kuhusu Lugha ya Alama

Septemba 23, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, ikikaribia, dawati letu la wakalimani wa lugha ya alama hapa Tabora hupokea maelezo yaleyale: "Nimemsemesha kwa sauti ya juu kabisa, bado hakunielewa." Angekuelewaje, ndugu? Mkoa wenye shule ya viziwi tangu 1963 haupaswi kuwa bado unaulizana kama "bubu" ana lugha. Na neno hilo tuliache.

Lugha ya Alama Tanzania si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Umbo la kiganja, mahali kilipo, kinavyosogea, kinakoelekea: badili kimoja tu, neno laweza kuwa jingine. Nyusi nazo zikipanda, kauli imegeuka swali, kwa hiyo anayetazama vidole peke yake anakosa nusu ya mazungumzo. Wala si lugha moja duniani kote. Alfabeti ya vidole ya Marekani ni ya mkono mmoja, ya Uingereza mikono miwili, ilhali majirani zao wanaosikia wote wanaongea Kiingereza.

Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, nilimkuta mama kiziwi na binti yake wa darasa la tatu. Ofisa alikuwa anamtaka mtoto atafsiri maswali ya talaka ya mama yake. Mtoto akashusha mikono, akatazama sakafu. Ofisa akasema, "Haya, mwambie."

Mtoto si mkalimani. Ofisi inayoendesha shauri ndiyo ituandikie kuomba mkalimani, ikitaja tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, aina ya shauri, na namba ya mhusika ya kupokea ujumbe mfupi (tumeletewa barua zinazosema "apigiwe"). Kikao kinachozidi saa moja kiombewe wakalimani wawili wa kupokezana. Barua isiyo na saa tunairudisha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi na inaweka adhabu. Hatusemi kila aliyeteleza atashtakiwa, ila "sikujua" si utetezi.

Kwenye mikutano ya chini ya mwembe, mkalimani asisimame jua likiwa mgongoni mwake, kwani uso wake utaonekana kivuli kitupu. Na askari aliyemfunga kiziwi pingu kwa nyuma asiandike kwenye maelezo kwamba mtuhumiwa amekataa kujibu.