Ramani inayokisia floraidi kabla ya kisima kuchimbwa

Floraidi, madini yanayoingia kwenye maji ya ardhini kutoka kwenye miamba, haina rangi wala harufu, na maji ukiyachemsha haitoki. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani ikiwa kali zaidi. Huku kwetu, kuzunguka Mlima Meru, kwa miaka mingi kipimo cha kwanza kimekuwa meno ya watoto. Ukikuta darasa zima lina meno ya rangi ya chai umeshachelewa, maana yaliharibika yakiwa bado ndani ya ufizi.

Kazi yangu ni kupima maji. Sampuli huja kwenye chupa ya plastiki. Naimimina kwenye bika, naongeza dawa ya kusawazisha ili aluminiamu na chuma visiifiche floraidi, natumbukiza elektrodi (kijiti cha kupimia floraidi), nasubiri namba zitulie. Lakini maji yakinifikia mezani kisima kimeshachimbwa, na michango ya wanakijiji imeshazama ardhini. Ndiyo maana niliposikia habari za akili unde nilikuwa na swali moja tu: itatuambia kabla mtambo wa kuchimba haujafika?

Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 2022 watafiti wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi, walitoa ramani ya dunia ya floraidi katika maji ya ardhini, baada ya kuifundisha kompyuta kwa vipimo zaidi ya 400,000. Walikadiria kuwa watu wapatao milioni 180 huenda wanaathirika. Kompyuta hujenga mamia ya miti ya maswali: mwamba ni wa aina gani, mvua ni kiasi gani, udongo una magadi au la? Kila mti hupiga kura, na kura hizo ndizo zinazotoa uwezekano wa kuvuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Kwetu kura hizo zina mantiki. Miamba ni ya volkano, maji yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi ikaganda. Isipokuwepo, floraidi inabaki majini. (Na magadi tunayotia kwenye maharage nayo huwa na floraidi, hili nalisema kila ninapokwenda.)

Kinachonisumbua ni data tunazoilisha mashine. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, baadaye ndipo tukashuka hadi 1.5. Kisima cha miligramu 3 kwenye faili la zamani kimeandikwa "yanafaa". Ukiipa mashine neno hilo badala ya namba, umeifundisha uongo, nayo itaurudia kwa kujiamini kabisa.

Halafu kuna namna ya kuipa mtihani. Ukificha visima vichache hapa na pale, itavikisia vizuri kwa kuchungulia majirani zao, nawe utadhani imeelewa. Ficha wilaya nzima. Hapo ndipo utajua kama imejifunza miamba au imekariri vijiji. Mimi siamini ramani yoyote ambayo haijapita mtihani huo.

Hata ikipita, kuna jambo haiwezi. Kijiji kimoja chini ya mlima nilipima visima viwili vilivyo umbali wa kuitana. Kimoja kilikuwa chini ya kiwango, cha pili zaidi ya mara tatu yake. Kwenye ramani vyote vilikuwa ndani ya mraba mmoja, rangi moja. Nilimwonyesha mama mmoja kwenye simu. Akatazama, akanirudishia.

"Sasa mwanangu, nichote kipi?"

Ramani haikuwa na jibu. Nilimjibu kwa namba za elektrodi.

Kwa hiyo naitumia kuamua wapi tupeleke vifaa kwanza, na wapi tusichimbe bila kisima cha majaribio. Maji ya kunywa siyaidhinishi kwa ramani. Na ninatafuta madaftari ya zamani, hasa ya visima vilivyofungwa kwa ubaya wa maji. Hivyo hufutwa kwenye orodha, kumbe ndiyo mifano ambayo mashine inaihitaji kuliko yote. Kama unalo daftari la namna hiyo kwenye ofisi ya kijiji, hata kama kisima chenyewe kilishafukiwa, tafadhali usilitupe.