Mizani, vina na takriri katika "Harmonie du soir": dhana potofu na ukweli

Shairi hili la Charles Baudelaire, mshairi Mfaransa, limo katika Les Fleurs du mal, diwani ya 1857. Lina beti 4 za mishororo minne minne. Msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili hulifikia akiwa na vipimo vyake mkononi, na vingine vinampoteza.

Dhana: mizani huhesabiwa kama maneno yalivyoandikwa. Sisi tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Kifaransa kina herufi e iliyofifia, na hiyo ndiyo ya kuchungwa. Tazama mshororo wa pili:

Chaque fleur s'évapore ainsi qu'un encensoir

E ya Chaque inahesabiwa kwa sababu inafuatwa na konsonanti. Ile ya s'évapore inamezwa na irabu inayoanza ainsi. Unapata mizani 12, sita kwa sita, kama ukwapi na utao, zile nusu mbili za mshororo wetu. E inayofunga mshororo haihesabiwi kabisa.

Dhana: kina cha kike hutokana na jinsia ya neno. Hapana. Kina huitwa cha kike kikiishia kwa e hiyo iliyofifia. Vertige na vestige ni nomino za kiume, lakini kina chao, -ige, ni cha kike. Shairi zima lina vina viwili tu, -ige na -oir.

Dhana: takriri ni dalili ya kuishiwa maneno. Hii ndiyo inayoliumiza shairi zaidi. Mshororo wa 2 na wa 4 wa kila ubeti hurudi kuwa wa 1 na wa 3 katika ubeti unaofuata, mtindo wa pantoum uliotoka kwa Wamalei. Katika mishororo 16, iliyo tofauti ni 10 pekee. Kibwagizo chetu hukaa mahali pamoja. Hapa mshororo unahama, na ukihama unapata jirani mpya. Fuata moyo. Katika ubeti wa pili ni tashibihi tu: fidla inatetemeka kama moyo unaoumizwa. Ubeti wa tatu unairudia kauli hiyohiyo, kisha unaudaka moyo huo na kuupa uhai: ni moyo mwororo unaochukia utupu mpana, mweusi. Katika ubeti wa nne moyo ndio mtendaji, unaokota kila masalia ya wakati uliopita uliong'aa. Mshairi asiyejua la kusema hawezi kupanga hivi.

Wapo pia wanaodai kuwa ni pantoum kamili. Kanuni inataka vina vipishane (abab) na mshororo wa kwanza urudi mwishoni. Baudelaire amevikumbatisha vina vyake (abba), na mwishoni ameweka mshororo mpya, Ton souvenir en moi luit comme un ostensoir! (kumbukumbu yako inang'aa ndani yangu kama monstransi, chombo cha ibada cha Kikatoliki). Ni hapo tu, kwa mara ya kwanza, "wewe" na "mimi" wanapotajwa.