Filamu ya Edvard Munch ya 1974: watu wanavyoidhania na ilivyo kweli

Hii filamu ya Peter Watkins kuhusu mchoraji wa Norwe, Edvard Munch, kwangu ndio bora kuliko muvi zote za maisha ya wasanii nilizowahi kuona, na inaniuma sana mtu akiikataa kwa maneno ya kusikia tu.

Eti ni dokumentari. Hapana jamani. Munch kazaliwa 1863 na sehemu kubwa ya stori ni kuanzia 1884 kwenda mbele kama miaka 10 hivi, sasa nani angekuwa anamfuata na kamera? Wote mle ni waigizaji, Munch kachezwa na Geir Westby. Kinachowachanganya watu ni kamera inavyotikisika mkononi, watu wanahojiwa kama vile kuna mwandishi wa habari kasimama pale, halafu katikati ya maongezi mtu anageuka anakutazama wewe machoni. Watkins ndio zake, kabla ya hapo alishatengeneza filamu ya vita vya nyuklia ambavyo havikuwahi kutokea na ikapewa Oscar ya dokumentari!

Eti kwa kuwa ni ya majaribio basi wamejitungia. Hapa ndio nabishana na watu kila siku. Maneno mengi mle yametoka kwenye maandishi ya Munch mwenyewe, hata yule Bi. Heiberg, mwanamke aliyeolewa ambaye Munch alimpenda, hilo jina kalitunga Munch, ndivyo alivyomficha Milly Thaulow kwenye daftari zake. Majaribio yapo kwenye mpangilio. Mama yake alikufa kwa TB 1868 Edvard akiwa na miaka 5, dada yake Sophie akafuata 1877, na Watkins hakuweka hayo mwanzoni akayaacha, anayarudisha rudisha, yaani uko kwenye mapenzi au kwenye kelele za mgahawa mara unakatiwa picha ya mtoto anakohoa damu kitandani, kisha unarudishwa ulipokuwa. Ndivyo msiba wa utotoni unavyomwingilia mtu, haugongi hodi.

Na wale wanaoziponda picha zake kwenye maonyesho, Watkins alitafuta watu ambao kweli hawazipendi kazi za Munch akawaacha waseme yao. Zile sura za kuchukia unazoziona hazijafundishwa.

Eti Munch alikuwa chizi na uchizi ndio uliochora. Angalia anavyochora Mtoto Mgonjwa, ile picha ya 1885-86 inayotokana na kifo cha Sophie. Anapaka, anakwangua, anapaka tena juu yake, unasikia kabisa turubai linavyokwaruzwa, na filamu haina haraka, inakuacha hapo hapo mpaka na wewe unachoka naye. Picha hiyo alihangaika nayo kama mwaka mzima na baadaye akairudia, matoleo ya rangi yako 6. Mtu aliyepagawa hafanyi kazi hivyo, huyo ni fundi anayejua anachokitafuta ila hajakipata. Kuugua aliugua kweli, 1908 alianguka akalazwa kliniki Copenhagen miezi kama 8, lakini akatoka akaendelea kuchora mpaka alipofariki 1944 akiwa na miaka 80.

Hata ile picha yake ya Ukelele (The Scream) ya 1893 watu wanaisoma vibaya, wanadhani mtu wa kwenye picha ndiye anayepiga kelele, kumbe kaziba masikio, Munch aliandika kwamba alisikia ukelele ukipita kwenye maumbile yote. Kuna maneno ya penseli juu yake yanayosema ingeweza kuchorwa na mwendawazimu tu, kwa miaka watu walidhani kuna mtu kaja kuichafua, mpaka 2021 makumbusho ya taifa ya Norwe wakasema mwandiko ni wa Munch mwenyewe.

Eti inachosha. Ni ndefu, toleo la TV ni kama masaa matatu na nusu, sikatai. Ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za Norwe na Sweden, kwa hiyo igawe siku mbili, na uweke hedifoni maana nusu ya filamu iko kwenye sauti.