Domeini ya bei mbaya haikuletei wateja, na mengine mnayodanganyana

Kazi yangu ni udalali wa domeini, yaani majina ya anwani za tovuti, nawatafutia watu majina ya bei mbaya halafu baadhi yao nawashauri namna ya kuyageuza yawe biashara, na kuna kauli moja nikiisikia tu najua leo tutakesha: "nikishalipata hilo jina, wateja watakuja wenyewe." Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mtu aliyetaka mtaji wake wote uishie kwenye jina, hajaandika hata ukurasa mmoja, hajui atauza nini wala nani atapeleka mzigo. Basi naandika hapa mara moja, mwingine akiniuliza namtumia linki tu nalala.

Hawaji. Yaani wapo watakaochungulia, ila kuchungulia siyo kununua. Hii imani haikutoka hewani, zamani ilikuwa na ukweli ndani yake. Enzi zile mtu akitaka kitu anaandika neno lenyewe juu kwenye brauza, anamalizia na .com, anabonyeza, na mwenye hilo jina alikuwa anaweka ukurasa wa matangazo tu anakula hela ya kila kliki bila kufanya chochote. Watu walitajirika kweli. Lakini mwaka 2008 Chrome ilitoka na sehemu moja ya kuandika anwani na kutafuta, brauza nyingine nazo zikaenda huko huko, halafu simu na programu zake zikamalizia. Leo mtu akiandika neno juu pale anapelekwa kwenye matokeo ya Google, siyo kwenye domeini yako. Majina mafupi ya maneno ya kawaida bado yanapata watu wa kuandika moja kwa moja, sikatai, ila hiyo ihesabu kama nyongeza, usiijengee mpango wa biashara.

Halafu muuzaji anakutumia picha ya takwimu, "domeini hii inaingiza watu elfu kumi kwa mwezi bila kazi yoyote", na wewe macho yanakutoka. Picha hainisaidii kitu mimi. Naomba logi ya seva yenyewe, lile daftari ambamo kompyuta inayoendesha tovuti inaandika kila ombi linaloingia, ghafi, ya wiki mbili tatu, na anayekataa kuitoa nishajua ana nini. Ukiifungua unakuta mistari kibao ya GET /wp-login.php, mingine /xmlrpc.php, mingine /.env, yaani mtu anagonga mafaili ya ndani, mawili ya kwanza ni ya WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, na hiyo domeini haijawahi kuwa na WordPress hata siku moja, ni ukurasa mmoja mtupu umeandikwa inauzwa. Hao siyo watu. Ni roboti zinazunguka mtandao mzima zikijaribu milango, na zingekuja hata kama jina lingekuwa herufi zimechanganywa tu. Kisha angalia saa: binadamu analala, kwa hiyo watu halisi wakitoka nchi moja au mbili lazima kuna masaa grafu inashuka, ukiona saa tisa usiku na saa tisa mchana ni idadi ile ile siku zote basi unanunua mashine. Ukishatoa hizo zote, hesabu walioomba ukurasa wa mwanzo pamoja na picha zake na faili la mtindo, lile linalopanga muonekano wa ukurasa, maana brauza ya kweli inapakua vyote wakati roboti nyingi zinachukua ukurasa zinaondoka. Kinachobaki hapo mara nyingi kinatia huruma.

Tawi la imani hiyo hiyo ni hili la kwamba Google inapenda domeini yenye neno linalotafutwa, kwa hiyo ukinunua bimayagari nukta com unaruka juu. Ilikuwepo hiyo, na ilichezewa mpaka Septemba 2012 Google wakatoa badiliko maalum la kushusha tovuti mbovu zilizokuwa zinapanda kwa sababu ya jina tu. 2012 jamani! Na bado mwaka huu mtu ananiletea hoja hiyo kama siri aliyoigundua jana.

Sasa kinachonikera kuliko vyote ni zile bei za vichwa vya habari. "Mbona CarInsurance.com iliuzwa dola milioni 49.7?" Kweli, mwaka 2010 QuinStreet waliinunua kwa hela hiyo, ila walinunua tovuti inayofanya kazi, yenye kurasa zake na wateja wake wanaoomba bei za bima kila siku, na mteja mmoja wa bima ya gari anayebonyeza fomu ana thamani kubwa kwa kampuni za bima. Siyo jina tupu lile. "Na Business.com je?" Jina lilinunuliwa 1999 kwa dola milioni 7.5, watu wakacheka sana wakati ule, halafu 2007 ikauzwa kwa takriban milioni 345. Kila mtu anazisimulia hizo namba mbili, hakuna anayesimulia ile miaka minane ya katikati ambayo watu walijenga orodha ya kampuni na mtandao wa matangazo ya kulipia kwa kliki. Kilichouzwa 2007 ni ile kazi, na jina likiwa juu yake kama kibao cha duka.

Ukitaka kujua jina lina nguvu gani likiwa peke yake, angalia upande wa pili ambao hausimuliwi. Pets.com, jina bora kuliko hilo kwa vitu vya wanyama sijui utalipata wapi, iliingia soko la hisa Februari 2000, Novemba mwaka huo huo imefunga, kwa sababu walikuwa wanauza chini ya gharama na kusafirisha magunia mazito ya chakula cha mbwa kwa hasara yao. Leo ukiiandika inakupeleka PetSmart, duka jingine la vitu vya wanyama. Toys.com, wauza midoli Toys "R" Us waliigombania kwenye mnada 2009 wakatoa dola milioni 5.1, wakaielekeza kwenye tovuti yao ya zamani basi, na 2017 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Na ile Sex.com, neno ambalo halihitaji kutangazwa popote duniani, kampuni iliyokuwa inaimiliki ilifilisika na jina likauzwa 2010 kwa dola milioni 13. Kama lile halikuweza kumlisha mwenyewe, hili lako la maneno matatu yaliyounganishwa litaweza?

Na ukigeuza upande unakuta waliofanikiwa wengi biashara ndo ilitangulia, jina likaja nyuma. Hotels.com ilikuwa kampuni inaitwa Hotel Reservations Network, wanauza vyumba kwa simu tangu 1991, na walipolinunua jina 2001 kwa dola milioni 11 walikuwa na wateja, mikataba ya hoteli na watu wa kupokea simu, jina likawaongezea kasi tu. Facebook ilianza ikiwa thefacebook.com, 2005 ndo wakatoa dola 200,000 kuondoa hilo "the". Tesla walikaa na teslamotors.com mpaka 2016. Zoom waliingia soko la hisa 2019 watu wakitumia zoom.us. Hao wote walipolipa walikuwa wanajua kila mteja anayepotelea kwenye anwani nyingine anawagharimu kiasi gani, kwa hiyo bei ya jina waliipigia hesabu. Wewe huna mteja hata mmoja, unapigia hesabu nini?

Ndo maana ushauri wangu ni ule ule, na najua unawaudhi wauzaji, hata kamisheni yangu inapungua: anza na jina la bei ya usajili wa kawaida, lijengee hiyo biashara miezi kadhaa, uone kama watu wanalipa. Wakilipa, njoo tulitafute lile kubwa. Kama una hofu mtu atalichukua kabla yako, mwombe mwenye nalo mkataba wa kukodi wenye haki ya kununua, unalipa kila mwezi unalitumia na bei ya mwisho imeshafungwa, wengi wanakubali kuliko mnavyodhani, maana jina limekaa miaka halijaingiza kitu. Na kwa vyovyote jina lisile zaidi ya robo ya mtaji. Hiyo robo ni kanuni yangu mwenyewe, haijaandikwa popote, ila sijaona sababu ya kuiacha. Zile robo tatu ndo zinalipa maandishi, picha, mtu wa kujibu wateja, matangazo, na miezi ya mwanzo ambayo hakuna kinachoingia.

Mengine nayapitia haraka, hayanipandishi presha kama hilo.

Eti "nitasajili jina linalofanana na la kampuni kubwa, watanitafuta wanilipe." Watakutafuta, ndiyo. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, ina utaratibu unaoitwa UDRP, mwenye alama ya biashara akionyesha kwamba jina linafanana na lake mpaka linachanganya watu, kwamba wewe huna haki halali nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, linahamishiwa kwake na wewe hupati hata senti. Ada ya kufungua shauri pale WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki linalosikiliza kesi hizo, ni dola 1,500 kwa msuluhishi mmoja, sasa kampuni kubwa itakulipa wewe elfu hamsini za nini? Na usiniambie "silitumii, nimeliweka tu", kuliweka tu siyo kinga, wasuluhishi walishaamua hivyo tangu 2000.

Kinyume chake nao wapo, wale wanaoona jina halitumiki wanasema mwenye nalo ni mwizi na anapaswa anyang'anywe. Kukaa na neno la kawaida la kamusi ukisubiri bei ni halali kabisa. Anaweza akakutajia bei ya kichaa na akaishi nayo mpaka azeeke, hiyo ni haki yake, tafuta jingine.

"Zana ya kukadiria imesema jina langu lina thamani ya dola elfu nane." Mwambie hiyo zana ilinunue.

"Bila .com huendi popote." Hapa kuna nusu ya ukweli. Overstock, duka la mtandaoni la Marekani, walijaribu kujiita O.co mwaka 2011, watu wakawa wanaandika o.com ambayo haipo, baada ya miezi wakarudi kwenye jina lao. Ila Zoom niliyoitaja hapo juu iliishi vizuri na .us. Swali la kuuliza ni je, mteja wako akisikia jina kwa masikio tu bila kuliona ataliandika sawa? Na ukienda kwenye viendelezi vipya, yaani ile mikia inayokuja baada ya nukta, soma bei ya kulipia mwaka unaofuata, siyo ya mwaka wa kwanza, maana baadhi ya majina yanayoitwa premiamu huko yana ada kubwa kila mwaka milele, hujalinunua, umelikodi. Viendelezi vya nchi navyo vina masharti yake: Waingereza waliokuwa na .eu walizimiwa mwanzoni mwa 2021 kwa sababu tu nchi yao ilitoka Umoja wa Ulaya, na hakuna aliyewauliza wamejenga nini juu ya hayo majina.

"Nimenunua domeini yenye miaka kumi na tano, umri unasaidia." Umri haufanyi kitu, historia ndo inafanya, na historia inaweza kuwa chafu. Ingia archive.org uone ilikuwa nini mwaka kwa mwaka, ukikuta katikati ilikuwa ya kasino au dawa za kuongeza nguvu, achana nayo hata kama linki zake zinameremeta. Tena tangu Machi 2024 sera ya spamu ya Google inataja wazi kitendo cha kununua domeini iliyokwisha muda na kuijaza maandishi hafifu ili kupanda kwa jina la waliotangulia. Kuna watu bado wanauziana kozi za kufundisha hicho hicho.

"Eskro ni kupoteza hela, jamaa anaonekana mkweli." Hapa sibishani na mtu, bila eskro, yaani mtu wa kati anayeshika hela mpaka jina lihamishwe, dili silifanyi. Na anayekuuzia anaweza asiwe mwenye jina. Ile Sex.com ilisajiliwa na Gary Kremen 1994, mwaka uliofuata mtu akaichukua kwa barua ya kughushi, na mahakama ilimrudishia mwaka 2000 baada ya kesi ndefu. Kuna jaribio rahisi kabla hata ya kuongelea bei: mwambie muuzaji aweke rekodi ya TXT, yaani maandishi mafupi, kwenye DNS ya jina hilo, ile mipangilio yake ambayo mwenye jina tu anaweza kuibadilisha, yenye neno utakalompa wewe. Mwenye jina anaifanya dakika tano. Tapeli atakuletea stori ya fundi wake kusafiri.

Na la mwisho, "nishalilipia, ni langu." Ni lako mpaka tarehe ya kuisha. Domeini za .com huwezi kuzilipia zaidi ya miaka kumi kwa mkupuo, na ikiisha ukazubaa, kampuni ya usajili inaweza kuipeleka mnadani au kuifuta, ikifutwa una siku 30 za kuikomboa kwa ada ya kuumiza, halafu siku tano za mwisho ambazo hakuna mtu anaweza kufanya lolote, na programu za kunasa majina zinaisubiri mlangoni. Washa malipo ya moja kwa moja, hakikisha kadi haijakwisha muda, na imeili uliyoweka kwenye akaunti ya usajili isiwe ya domeini hiyo hiyo. Jina likizimwa, imeili nayo inazimwa, na ile taarifa ya "lipa sasa hivi" inatumwa kwenye sanduku ambalo huwezi tena kulifungua.