Akili mnemba haiweki saini: dhana potofu kuhusu mashine na ajira

Hapa Kigoma habari za akili mnemba (AI), yaani programu za kompyuta zinazoandika barua au kusoma picha kama mtu, huja kwa sura mbili. Kuna wanaosema kazi zimekwisha, na kuna wanaosema tutulie, hakuna kitakachobadilika. Mimi nafanya kazi steshenari, eneo la Mwanga, na mashine hii imetufikia mapema kuliko ofisi nyingi za mjini. Naona pande zote mbili zinawapotosha watu, hasa vijana wanaochagua cha kusomea na wazazi wanaowalipia ada.

Dhana: Akili mnemba ikiingia kazini, mtu anatoka

Ukweli: Inachokichukua mara nyingi ni kipande cha kazi, na kazi nyingi zina vipande vingi.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024, alisema hadharani kwamba tuache kuwasomesha madaktari wa mionzi, kwa kuwa ndani ya miaka mitano, pengine kumi, kompyuta itawazidi kusoma picha. Kompyuta zimejifunza kweli kusoma picha. Lakini madaktari wa mionzi bado wanatafutwa, na hospitali za Marekani zinalalamika kuwa hawatoshi. Kusoma picha ni sehemu tu ya siku yao. Daktari huyo anaamua kipimo kipi kifanyike, anashauriana na mwenzake wa wodini, analinganisha picha ya leo na ya mwaka jana, kisha anaweka jina lake chini ya ripoti. Kukitokea kosa, yeye ndiye anayeulizwa.

Kifua kikuu ni mfano ulio karibu zaidi nasi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa programu za kompyuta zinaweza kusoma eksirei za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea, ili kuwachuja wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Programu inatoa alama. Mwenye alama ya juu anaenda kutoa makohozi, na maabara ndiyo inayothibitisha. Kwa mkoa ulio mbali kama wetu huo ni msaada mkubwa, kwa sababu picha haikai siku kadhaa ikimsubiri bingwa. Lakini wa kumpiga mgonjwa picha ni mtu, wa kupima makohozi ni mtu, na wa kumfuatilia amalize dawa zake za miezi 6 bila kuruka ni mtu pia.

Shirika la Kazi Duniani nalo lilichapisha uchambuzi mwezi Agosti 2023 likaona kuwa ajira nyingi zitasaidiwa na akili mnemba kuliko zitakazoondolewa. Kwa nchi za kipato cha chini, ajira zilizo kwenye hatari ya kuchukuliwa na mashine zilikadiriwa kuwa asilimia 0.4 tu, na kwa nchi tajiri asilimia 5.5. Kundi lililo karibu zaidi na hatari hiyo ni makarani, watu wa kuchapa, kupanga majalada na kuandika barua. Ndiyo kazi yangu, kwa hiyo takwimu hizi sizisomi kama habari za mbali.

Dhana: Mashine haijawahi kumnyang'anya mtu kazi

Ukweli: Imewahi, na sisi tunaokaa mwisho wa reli tunapaswa kuwa wa mwisho kusahau. Kabla ya reli, mizigo ya kutoka Ujiji na Tabora kwenda pwani ya Bagamoyo ilibebwa mabegani na vichwani, na Wanyamwezi walijulikana kila mahali kwa upagazi. Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa njia ile ndefu ukafa. Reli ilileta kazi zake, za makuli wa bandarini, mafundi na wakata tiketi, lakini haikuwa lazima ziende kwa yule yule aliyepoteza ya kwanza. Wapo Wanyamwezi walioishia kukata mkonge mbali na kwao.

Upagazi ulikuwa na kipande kimoja kikubwa, yaani kuhamisha mzigo, na mashine ilipokiweza hicho ikawa imeiweza kazi nzima. Ndiyo maana siwaambii vijana kwamba wasiwe na wasiwasi. Nawaambia wachambue kazi wanayoitaka ina vipande gani. Anayejifunza kuchapa tu, bila kujua barua inaenda wapi na inaomba nini, anajifunza kipande ambacho mashine inakimaliza kwa dakika.

Dhana: Mashine haikosei, kwa hiyo mtu wa nini?

Ukweli: Inakosea, tena kwa lugha safi isiyotia shaka.

Alikuja mzee kutoka Kalinzi, ana mgogoro wa mpaka wa shamba na mtoto wa kaka yake. Baada ya shikamoo na marahaba akaanza kunieleza, nami nikaingiza maelezo yake kwenye programu ya akili mnemba ili inipatie rasimu ya barua ya kwenda Baraza la Kata. Rasimu ilitoka nzuri machoni, aya zimepangwa, heshima imezingatiwa. Nikaisoma taratibu.

Mzee alikuwa amesema minyaa ya mpakani waliipanda "mwaka wa operesheni". Programu ikaandika 1974, kwa sababu kwa nchi nzima Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, inatajwa zaidi na mwaka huo. Huku kwetu watu walianza kuhamishwa mapema zaidi, Operesheni Kigoma ilikuwa 1972. Nikamuuliza, "Mzee, nyie mlihamishwa lini?" Akajibu papo hapo, "Sabini na mbili mwanangu, mvua zinaanza." Barua ingetoka na 1974, upande wa pili ungeuliza tu iweje miti ipandwe miaka miwili baada ya watu kuhamia, na mzee angeonekana mwongo mbele ya wajumbe.

Barua hiyo hiyo iliomba baraza litoe hukumu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha migogoro ya ardhi, halihukumu. Na chini kabisa kulikuwa na kifungu cha sheria chenye namba yake. Nilipokifungua kilizungumzia jambo jingine kabisa. Nikakifuta, nikarekebisha ombi, nikamsomea mzee barua yote kwa sauti, ndipo akaweka dole gumba.

Hayo hayatokei kwetu tu. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwepo. Zilitungwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, na wao hawakuzihakiki.

Hata hivyo siiachi programu hiyo. Rasimu iliyokuwa inanikalia muda mrefu sasa inatoka upesi, na muda ninaookoa nautumia kumuuliza mteja maswali. Zamani, foleni ikiwa ndefu, maswali ndiyo yaliyokatwa kwanza.

Dhana: Ni mambo ya wasomi wa mjini wenye Kiingereza

Ukweli: Moja ya programu zenye manufaa zaidi kwa mkoa kama huu ilitengenezwa kwa ajili ya muhogo. Inaitwa Nuru, imetoka kwa mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na imejaribiwa hapa Tanzania. Mkulima anaelekeza kamera ya simu kwenye jani, programu inamwambia kama inaona ugonjwa wa batobato, wa michirizi kahawia, au wadudu waitwao utitiri wa kijani. Inafanya kazi bila intaneti, na inaongea Kiswahili.

Je, bwana shamba amekosa kazi? Hapana, amepata macho ya ziada kwenye vijiji asivyoweza kuvizungukia vyote kwa pikipiki moja. Na kuna mambo ambayo jani halisemi. Michirizi kahawia inaweza kutulia mizizini huku majani yakionekana mazima, mkulima akaja kushtuka siku ya kuvuna, anakata muhogo na kukuta ndani umekauka kahawia, haufai hata kwa udaga. Mmea ulioathirika hautibiki. Unang'olewa, na shamba linataka pingili safi za kupanda upya. Pingili zinapatikana kwa nani, majirani wakubali nao kung'oa ili nzi weupe wasiurudishe ugonjwa, bibi asiyezoea Kiswahili aelezwe kwa Kiha mpaka aridhike: hapo simu imefika mwisho wake.

Dhana: Wanaoanza kazi ndio watakaoumia kwanza

Ukweli: Inategemea mwajiri anaitumiaje. Watafiti wa uchumi Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walifuatilia zaidi ya wahudumu 5,000 wa huduma kwa wateja waliopewa programu ya kuwapendekezea majibu. Katika ripoti yao ya 2023, matatizo yaliyotatuliwa kwa saa yaliongezeka kwa asilimia 14 kwa wastani, na kwa wageni wa kazi na wenye ujuzi mdogo yaliongezeka kwa asilimia 34. Wazoefu hawakunufaika sana, kwa sababu programu ilikuwa imejifunza kutoka kwa mazungumzo ya watu kama wao. Naona ni haki mzoefu anayeifundisha mashine kwa kazi yake alipwe kwa hilo.

Dhana: Inajiendesha yenyewe

Ukweli: Imejengwa na mikono ya watu, wengine wakiwa majirani zetu. Mwaka 2023 ilifichuliwa kuwa wafanyakazi wa Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama maandishi ya kikatili ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka.

Dhana: Mwajiri akileta mashine, mfanyakazi hana la kusema

Ukweli: Hili ndilo ningependa kila mwenye ajira Kigoma alijue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja mahitaji ya kiteknolojia miongoni mwa sababu za kupunguza wafanyakazi, kwa hiyo mashine si jambo lililo nje ya sheria. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, na ashauriane kabla ya kuamua. Anashauriana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama. Mashauriano hayo yanagusa sababu, namna ya kuchagua watakaoondoka, na hatua za kuepuka au kupunguza upunguzaji wenyewe.

Hapo kwenye hatua za kuepuka ndipo pa kukazania. Mfanyakazi aende na orodha ya vipande vya kazi yake, aoneshe kipi mashine inakiweza na kipi haikiwezi. Aombe kufundishwa kuitumia na kuhakiki inachotoa, au ahamishiwe kwenye kazi ya kukutana na watu ambayo kila ofisi huwa imepungukiwa. Akumbushe pia kwamba majina ya wateja, namba za NIDA na taarifa za wagonjwa haziingizwi kiholela kwenye programu ya mtandaoni, kwa kuwa tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ofisi inahitaji mtu wa kulisimamia hilo.

Ikishindikana kabisa, kifungu cha 42 cha ile Sheria ya Ajira kinatoa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyefanya kazi miaka 6 mfululizo anadai siku 42. Na akiachishwa bila mashauriano yoyote, apeleke malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.