Kuwasha Kipevu Hakutarudisha Stima Yako

Stima ikipotea Mikindani au Likoni hapa Mombasa, sijafungua hata boksi la vifaa mteja ashaniuliza: "Fundi, si wawashe tu ule mtambo wa Kipevu waliofunga?"

Hauwashwi. Na hata ungewashwa, usingekufaa.

Unaosemwa ni ule wa Tsavo Power, megawati 74. Ulianza kazi 2001, baada ya ukame wa 1999 na 2000 kupunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana hadi tukapewa stima kwa zamu. Mkataba wake wa miaka 20 uliisha Septemba 2021, ukazimwa. Haukufa wala haukuibwa. Injini zake zilikula mafuta mazito, ambayo yakipoa hayatiririki. Lazima yapashwe moto, injini nayo ipashwe, ndipo isukumwe kwa hewa iliyobanwa. Iliyolala miaka haiamki kwa kupigiwa simu.

Tuseme imeamka. Giza la nyumbani kwako mara nyingi halina habari na uzalishaji. Ni transfoma ya mtaa imeungua, ni kuti la mnazi limeangukia nyaya, au ni chumvi ya bahari imeganda kwenye vikombe vya nguzo vinavyoshikilia nyaya, ikaloa kwa manyunyu na kupitisha umeme. Hata Kipevu ingekuwa uani kwako, transfoma ikiwa imekufa utalala gizani. Stima pia inafika Pwani kwa laini ya kutoka bwawa la Kiambere hadi Rabai, na kwa ile kubwa ya kutoka Nairobi iliyowashwa 2017, inayoleta pia ya jotoardhi ya Olkaria. Wanaolilia mtambo wa mafuta ndio hao hao wanaolalamika tokeni ni ghali, ilhali gharama ya mafuta hayo huongezwa kwenye bili yao!

Badala ya kumlaumu Kipevu, chomoa friji stima inapokatika. Ikirudi, ngoja kama dakika tano ndipo uichomeke. Nimelisema hili mpaka ulimi umeota sugu, na bado naletewa kompresa zilizoungua.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Kipevu yote imefungwa." La. Kipevu III ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, injini 7 na megawati 120, ipo tangu 2011. Iliyozimwa 2021 ni jirani yake.

"Rifainari ya Changamwe ndiyo iliyowasha mji." Rifainari ilisafisha mafuta, kuanzia 1963 hadi ilipoacha 2013. Kuzalisha stima ya mji haikuwa kazi yake.

"Kipevu walichoma gesi kama ya mtungi." Hapana. Palikuwa na tabo (turbine, mashine za mapanga yanayozunguka) mbili za gesi, kila moja megawati 30, nazo zilichoma mafuta ya taa. Gesi inayotajwa ni ule moshi wa moto mkali unaosukuma mapanga yake. Wanaodhani zimefukiwa pale pale hawajui kwamba zilihamishiwa Embakasi, Nairobi, kisha 2016 zikapelekwa Muhoroni.